Akaunti ya Duka Isikufuate Bukoba

Lusahunga, Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Asubuhi ukungu, malori yalipita yamewasha taa hadi saa tatu. Baadaye manyunyu kidogo, kisha jua la kuchoma.

Yasinta mwanangu,

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya misa ya Jumapili. Hayo shangazi yako Dafroza amekuimbia wiki nzima, nawe ukawa unaitikia "ndiyo shangazi" macho yakiwa kwenye simu. Nakuandikia kwa sababu ya ugomvi wetu wa leo mchana. Uliniacha kaunta nikiwa na neno mdomoni na mteja mbele yangu ameshika filta ya dizeli, na mimi neno likinibaki mdomoni sipati usingizi.

Ulisema hivi, na nimeshaliandika kwenye shajara yangu lisije likabadilika: "Mama, akaunti ya programu iache ilivyo. Jina langu, namba yangu. Leseni ikiisha mwezi huu nitailipia mwenyewe kwa mshahara wangu, na nyingine pia." Nikasema hapana, inahamia kwangu kabla hujapanda basi. Ukasema, "Kwa hiyo unanifuta dukani?" Nikasema ndiyo, nakufuta. Ukaondoka. Yule dereva akaweka filta yake mezani taratibu, akasema, "Mama, mimi nirudi baadaye?" kana kwamba ameingia kwenye msiba.

Neno "nakufuta" lilikuwa baya, nalirudisha. Jambo lenyewe silirudishi. Kiungo cha kuhamisha umiliki wa akaunti kimo kwenye simu yako tangu Alhamisi, kinasubiri ukubali. Kesho mchana muda wake unakwisha, na kupata kingine ni kuanza upya kuwabembeleza watu wa huduma kwa wateja, ambao wewe na mimi tunawajua. Kwa hiyo nina usiku huu mmoja wa kukueleza, na wewe una asubuhi moja ya kusoma. Usiposoma hapa, soma kwenye basi, lakini ukubali kabla hujafika Muleba.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Jumatatu unaanza kazi kwenye ushirika wa maziwa, na umeniambia mwenyewe kazi ya kwanza watakayokupa: programu yao ya hesabu inabadilishiwa leseni mwakani, wanataka mtu wa kuipangia. Wakuchague wewe kwa kazi hiyo, halafu hapa nyumbani unifanyie yale yale niliyojifanyia mimi kwa ujinga. Basi nikueleze ujinga wangu wote, usiende kuurudia kwa maziwa ya watu.

Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri matokeo, alipokuja yule kijana wa Mwanza, Fredi, shati limenyooka na viatu vimejaa vumbi letu. Duka letu la spea lilikuwa limekua kuliko kichwa changu. Beringi peke yake zilikuwa za aina nyingi ambazo hata baba yako, na ufundi wake wote kule gereji, alikuwa anazipima kwa kidole. Fredi alifungua kompyuta juu ya kaunta akanionyesha kila kitu kimekaa mahali pake.

"Mama, hii unalipa mara moja tu. Leseni ya maisha."

"Na wanaoruhusiwa kuingia ni wangapi?"

"Wote. Hata mbuzi, ukipenda."

Nikacheka, nikalipa. Sikumuuliza ni maisha ya nani: yangu, ya duka, au ya programu yenyewe. Mtu anayenunua shamba huuliza mpaka uko wapi. Mimi nilinunua kitu kisichoonekana wala kushikika na sikuuliza hata swali ambalo ningemuuliza muuza kuku. Wewe ukaweka namba yako ya simu na anwani yako kwenye usajili, kwa sababu wewe ndiye uliyejua. Nilifurahi. Nilisema, "Mtoto wa sekondari ana faida yake."

Halafu ikaja ile ya majina. Wewe unaijua nusu tu, kwa sababu ulikwenda chuo katikati yake.

Unajua desturi ya akina baba yako kule Ngara. Mtu akishafanya kazi ya nyumba, hata siku moja, jina lake halitoki. Siku ya rubisi, pombe ya ndizi ya mavuno, kabla chungu hakijafunguliwa, wanatajwa wote: aliyelima, aliyechota maji, aliyevuka kwenda Burundi asirudi, aliyekufa. Mimi nilipoolewa nilidhani wanasali. Kumbe wanahesabu watu wao. Sasa bibi yako aliposikia kwamba mashine ya dukani inaandika watu wa duka, akasema waandikwe watu wa duka. Nawe, kwa kuwa Fredi alisema hata mbuzi, ukawaandika: baba yako, mimi, shangazi yako, bibi mwenyewe ambaye hajawahi kushika hata kipanya, binamu zako waliokuja likizo wakapanga nati kwa siku mbili, yule mpagazi aliyehamia Kahama. Na juu yao wote babu yako Nestori, marehemu, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kuziba pancha chini ya turubai zama zile malori yanapeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi za Benaco na Lukole, na bibi alisema haiwezekani duka likaandikwa bila yeye. Ukamwandikia na cheo, "Mwanzilishi," ukampa na neno la siri. Bibi alikusifu sana siku ile. Watu wa kujaza Noah mbili, na wanaouza ni watatu.

Haikuwa na madhara wakati huo. Ndiyo maana nakwambia jambo hili kwa hasira: kitu cha bure hakina mtu wa kukihesabu, na siku kinapowekewa bei hesabu inakuta umeshakirundika.

Taarifa yao ilikuja kwako, wewe uko chuoni mwaka wa pili. Ukaipiga picha ukanitumia. "Mpendwa mteja, katika kuboresha huduma zetu..." Siku hizi nikiona maneno "katika kuboresha" nashika pochi. Walisema toleo la zamani litafungwa, kila kitu kinahamia mtandaoni, na leseni itakuwa ya mwezi kwa kila mtumiaji na kila tawi. Walitupa muda wa kutosha. Siwezi kuwalaumu kwa muda. Mimi nikachukua shajara nikaandika: "Programu wanabadili leseni. Kuuliza." Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Basi. Kesho yake nimeandika mvua ya mawe. Keshokutwa nimeandika bei ya saruji. Kila nilipofunua nyuma niliuona mstari ule umenyooka, nikaridhika. Mimi ndivyo nilivyo, na wewe umenirithi kwa karatasi zako za rangi za kubandika: nikishaandika jambo najiona nimelifanya. Kuandika "kuuliza" si kuuliza. Ningekuwa sijaandika kabisa, pengine wasiwasi ungenisukuma nikapiga simu. Shajara ndiyo iliyonituliza.

Siku ilipofika, kompyuta ilifunguka vizuri, ikaonyesha nembo yao, na chini: "Leseni yako imekwisha. Wasiliana na msimamizi wa akaunti." Nikamwita Dafroza. Akaisoma, akasema, "Wifi, msimamizi ni nani?" Nikasema, "Ni Yasinta." Akasema, "Yuko Mwanza." Kama sikujua.

Hilo nalo lingevumilika kama nisingekuwa mwerevu. Unakumbuka zamani kila rafu ilikuwa na kikaratasi, mwandiko wangu, gundi ya ugali? Programu ilipokuja nikavibandua vyote, kwa sababu ukiandika jina la kitu inakwambia rafu ya ngapi na sanduku la ngapi. Vikaratasi niliona vinaleta aibu. Siku ile, kwa hiyo, tulikuwa na duka limejaa mali na hakuna aliyejua ilipo. Akaingia dereva wa lori la Rusumo, tairi la nyuma linalia tangu Nyakanazi, anataka beringi.

"Ipo," nikamwambia.

"Nipe basi."

"Iko humu ndani, lakini sijui wapi."

Akatazama rafu, akanitazama. "Mama, duka ni la nani?"

"La kwangu."

"Na beringi ni ya nani?"

"Ya kwangu pia. Programu imefungwa."

"Aliyefunga nani?"

Dafroza akapanda ngazi akaanza kushusha masanduku moja moja. Yule dereva alikaa kwenye ngazi ya mlango akawa anawaeleza wenzake kila anayepita: "Msiingie, mwenye duka anatafuta duka." Walicheka mpaka magereji ya jirani. Baba yako alitoka na grisi mikononi kuuliza kuna nini, akaambiwa, akarudi chini ya gari bila neno. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko.

Mimi nikawa nakupigia. Nilipiga na kupiga, simu imezimwa. Ulikuwa ndani ya chumba cha mtihani. Ulipotoka ukawasha, ukaona jina langu limejaa skrini nzima, ukakaa chini kwenye korido ukalia kabla hujanipigia, kwa sababu ulidhani bibi amefariki. Rafiki yako ndiye aliyenieleza baadaye. Uliponipigia ulisema, "Mama, amefariki saa ngapi?" Nikasema, "Nani? Hapana, ni leseni."

Yasinta, ulichofanya baada ya hapo nakikumbuka. Hukunitukana. Ulisema, "Sawa Mama, nisomee kilichoandikwa." Ukalipa kwa hela yako ya chakula, duka likafunguka, beringi ikaonekana ilikuwa nyuma ya kichwa cha Dafroza, na dereva alikuwa ameshaondoka kununua kwingine. Kwenye shajara niliandika, "Programu imefunguka." Sikuandika kwamba mtoto wangu alilia kwenye korido kwa ajili ya bili ya duka. Nilipaswa kuihamisha akaunti wiki ile ile. Niliiacha, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilipenda uwe unanipigia kila mwezi, hata kama ni kunisomea namba ya kuthibitisha malipo.

Ilipokuja bili kamili ndipo nikajua maana ya "kila mtumiaji". Kila jina lilikuwa na bei. Tena kwa dola, kwa hiyo kila mwezi shilingi zake zilibadilika wakati beringi zangu zimekaa pale pale. Nikampigia Fredi. Fredi alikuwa ameshaacha kazi, anauza viwanja. Akaniambia kwa upole, "Mama, mimi niliuza walichonituma." Nikapanda gari kwenda Ngara kwa bibi yako kuomba ruhusa ya kupunguza majina.

"Mumfute mume wangu kwa sababu ya mashine?"

"Mama, hatumfuti yeye. Tunaondoa jina kwenye orodha ya kulipiwa."

"Na mimi?"

"Na wewe, Mama. Hujawahi kuingia."

"Mama Yasinta, wewe ulipoingia humu ndani, nani alikupigia bei ya kukaa?"

Utamjibu nini mkwe akikuuliza hivyo, tena amekushikia sahani ya maharage? Nilikula maharage nikarudi Lusahunga. Mwaka mzima nikamlipia marehemu leseni ya kuuza spea. Mungu amrehemu, hakuuza hata nati moja.

Kosa halikuwa la bibi. Kwake yeye jina ni mtu. Kwa wale wa programu jina ni kiti cha kulipiwa. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, ninayejua lugha zote mbili, na mimi ndiye niliyeacha orodha moja ifanye kazi mbili. Mwaka uliofuata nikamwambia fundi seremala achonge ubao wa mninga, tukaandika majina yote kwa rangi, la kwanza la babu yako, na lako lipo, na la yule wa Kahama lipo. Bibi alipouona umetundikwa ukutani juu ya matairi alisoma kwa kidole mpaka chini, akauliza, "Huu nao hulipiwa kila mwezi?" Nikasema, "Haulipiwi, Mama." Akasema, "Basi huu ndio wenye akili." Siku hiyo hiyo nikaondoa majina kwenye programu, tukabaki mimi, Dafroza, na wewe.

Nina moja tena nayo ni ya aibu. Tulipofungua lile tawi la Benaco, walinipa chaguo: kulipia kwa mwezi, au mwaka mzima kwa punguzo. Mimi na punguzo unatujua. Nikalipa mwaka. Wewe uliniambia, "Mama, subiri tuone kwanza kama tawi litasimama," nikakwambia usiniletee mkosi. Tawi halikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Nilirudisha rafu, nilirudisha bidhaa, mwenye nyumba akanirudishia sehemu ya kodi. Leseni haikurudishwa. Miezi yote iliyobaki programu ilikuwa inanitumia taarifa kila Jumatatu asubuhi: "Tawi la Benaco: mauzo sifuri. Jaribu kuongeza juhudi." Nilikuwa naisoma nikinywa chai, chai inakosa ladha.

Kwa hiyo mwaka huu, ulipokuwa unahangaika na maombi ya kazi, mimi nilifanya tofauti, na sikukwambia kwa sababu nilitaka kwanza nione kama nimeweza. Nilianza mbali, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwanza nilijaribu kutoka kabla ya kutaka kutoka. Niliwaomba wanipe data zetu zote kwenye faili la kawaida, nione kama tungehama tungebeba nini. Walileta majina na bei. Namba za rafu hazikuwamo. Nikauliza kwa nini, wakasema hilo ni la mpangilio wao wa ndani. Hapo ndipo nikanunua karatasi na gundi nikarudisha vikaratasi, na uliporudi ulinicheka ukasema duka limerudi zamani. Halijarudi zamani. Programu ikifungwa kesho, Dafroza anaweza kumpa mtu beringi yake.

Halafu nikatafuta bei kwa wengine, si kwamba nilitaka kuhama sana, ila mtu asiye na pa kuhamia hana maneno ya kusema kwenye simu. Nikawapigia wenye programu yetu. Nilihamishwa kutoka kwa mtu hadi mtu, muziki unapiga, bando linakwenda. Mwishoni akaja dada mmoja akasema, "Mama, bei ndiyo hiyo kwa wateja wote." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, basi nitumie utaratibu wa kufunga akaunti." Akasema subiri kidogo. Aliporudi bei ilikuwa na punguzo. Nikamwambia punguzo sitaki, nataka shilingi, na nataka bei hiyo isimame miaka miwili, na nataka waandike. Wakaandika. Ilichukua wiki nyingi na nilikonda, lakini ipo kwenye karatasi. Na tangu hapo kila Ijumaa naweka kando kidogo kwenye kopo la grisi lililooshwa, kwa ajili ya leseni peke yake, siligusi hata kwa mchango wa harusi. Mwisho wa mwezi huu duka litajilipia lenyewe.

Sasa umeona kwa nini nilikasirika ulipotaja mshahara wako? Si kiburi tu, ingawa na kiburi kipo. Bili inayolipwa na mtoto Bukoba haionekani kwenye hesabu za Lusahunga. Nitaona duka lina faida, nitajisifu, nitafungua tena tawi mahali, kumbe wewe ndiye unayekonda. Na mwezi ule mshahara ukichelewa, au ukiumwa, au ukiolewa na mtu anayeuliza hela inakwenda wapi, duka la mama yako linafungwa kwa jambo ambalo halikutokea dukani. Huwezi kupanga gharama usiyoiona. Nawe umesomea hayo, mimi nimeyaokota barabarani.

Huko ushirika watakuonyesha bei na watakuonyesha kompyuta nzuri. Waulize kwanza nani amesajiliwa kama mwenye akaunti, na kama ni mtu fulani mwenye simu yake mfukoni, anzia hapo. Pengine ni mhasibu aliyestaafu, yuko kwake anafuga. Waulize majina yaliyomo, nani yuko hai na nani anauza maziwa kweli. Watakukasirikia. Mtu hapendi kuondolewa mahali hata asipopatumia. Tafuta ubao wao, Yasinta, kila watu wana ubao wao, uwape huo kwanza ndipo uondoe majina.

Nami nikuambie kitu kimoja ambacho sijawahi. Nilipoolewa, niliondoka kwetu na ufunguo wa stoo ya mama yangu umefungwa kwenye pindo la kanga. Nilisema nimesahau. Sikusahau. Nilitaka wawe wananifuata. Walinifuata mara mbili, mdogo wangu kwa miguu, na nilijisikia mtu mkubwa kweli. Mara ya tatu hakuja. Mama alikuwa amevunja kufuli akanunua lingine. Nilinuna muda mrefu, nikaona nimetupwa. Nilikuwa na watoto wawili tayari ndipo nilipoona kwamba mdogo wangu alikuwa anakosa shule kwa ajili ya ufunguo wangu, na kwamba mama alivunja kufuli akiwa analia.

Kwa hiyo sishangai uliposema nakufuta. Ningesema hivyo hivyo. Lakini angalia ukutani juu ya matairi uniambie kama umefutwa. Kilichobaki kwenye akaunti si jina lako, ni mzigo umevaa jina lako. Mtu anayekwenda kuanza kazi hatakiwi kutetemeka simu ikiita, akidhani bibi amefariki.

Nilikuwa naendelea kuandika, nilitaka kukueleza na habari ya nenosiri, lakini simu yangu imelia hapa mezani. Ni wao. "Umiliki wa akaunti umehamishiwa kwako. Hongera." Hongera ya nini, sijui. Kwa hiyo uko macho, ukuta mmoja tu kati yetu, na umekubali bila kuniambia neno, kama ulivyotoka kaunta bila kuniambia neno. Nimeandika kurasa zote hizi kumshawishi mtu aliyekwisha kushawishika. Ungenigongea ukuta ningelala mapema.

Umekuja na ujumbe wa pili: bili ya mwezi huu. Imeandikwa jina langu lote, kwa mara ya kwanza, na wamelikosea. Nimesoma kiasi mara mbili. Ni kile tulichokubaliana, kwa shilingi. Nimeinuka nikafungua kopo nikahesabu, zinatosha, na inabaki ya soda yako ya njiani.

Nenda mwanangu. Ukinipigia, nipigie kwa sababu umetaka.

Nalala. Saa saba kasorobo usiku.